Kikao na Pesa za Karafuu

Shaame kalala. Watoto wamelala. Paka ndiye shahidi.
Nimekutandikieni mkeka wa ukindu, haya, kaeni:
wekundu wa elfu kumi upande wa kibla,
zambarau wa elfu tano karibu na taa,
na nyie sarafu, wacheni kelele,
mtaniamshia mume.

Leo mchana mlikuwa gunia kituoni Wete,
mkapandishwa mizani,
karani akakuhesabuni kwa kidole cha mate.
Kabla ya hapo mlikuwa juani, juu ya jamvi, siku sita,
nami nikikukusanyeni mbio kila wingu lilipokunja uso.
Na kabla ya hapo mlikuwa juu kabisa,
na mguu wa Shaame ukitetemeka kwenye tawi la tatu.
Basi msinione mgeni.
Nakujueni tangu mkiwa mabichi, nikikuchambueni vikonyo.

Na msijivune kwa wingi wenu.
Mwaka huu mikarafuu imebeba, mwakani itapumzika.
Mti kupumzika si aibu; tumbo ndilo halijui likizo.
Miezi ishirini na minne, mmesikia?
Si kumi na miwili.

Wa kwanza kunyanyuka ni wa dukani kwa Faki.
Mtakwenda alfajiri, kabla hajafungua daftari mbele za watu.
Unga, mafuta, sabuni ya mche,
na vocha mbili ambazo Shaame anaapa hazijui.
Lipeni na vocha.

Nyinyi, bati. Jiko letu linaijua mvua kwa majina.
Masika iliyopita nilikinga sufuria nne,
na chai ikaongezeka maji nisiyoyachota.

Weye uliyechanika sikio, nenda kanunue umeme,
ingawa unakwisha kama sukari mbele ya wageni.

Nyinyi mtakwenda skuli na Salhina.
Viatu nitavinunua vimzidi kidole kimoja,
maana mguu wa mtoto hauulizi bei.

Na nyinyi sita, sogeeni, niseme kwa sauti ndogo:
nyinyi ni wa Ramadhani.
Nitakugeuzeni mchele na tambi na sukari mapema,
kabla mwezi haujaandama
na bei haijaandama nao.
Watu watasema Bi Riziki anafunga tangu Rajabu.
Na waseme. Maneno hayafuturishi.

Wifi yangu Mgeni anaoza Mfunguo Pili.
Kanitajia sare, doti mbili.
Nitanunua doti moja,
ya pili nitaivaa kwa kicheko na vigelegele,
na hakuna atakayeniona uchi.

Sasa weye, mkavu, usiye na kazi.
Utakaa ndani ya mto wa sufi, nitakushona humo.
Weye ni wa homa ya saa nane za usiku,
wa gari la kugongewa mlango dereva amelala.
Namuomba Mola uzeeke humo humo,
ubadilike rangi, unuke kichwa changu,
nisikuhitaji.

Ngoja.
Zambarau walikuwa kumi na mmoja.
Nawaona kumi.
Nimeinua mkeka. Nimekung'uta kanga. Nimemtazama paka,
naye kanitazama mie,
hata nikakumbuka.

Robo ya halua na kichupa cha marashi.
Halua nililia pale pale Wete, nyuma ya gari, peke yangu,
ingali moto,
nikajifuta midomo kwa ncha ya ukaya,
nikapanda, nikakaa kama mtu aliyetoka msibani.

Basi nikachukua penseli. Daftari letu ni moja,
na Shaame anajua kusoma.
Niandike halua? Niandike marashi?
Nikaandika: mengineyo, elfu tano.

Hapo ndipo nilipouona mstari wa juu yake,
mwandiko wake yeye, wa kuegemea kushoto,
wa siku ile alipokwenda Chake kununua kamba:
mengineyo, elfu tano.

Nimemtazama alivyolala, mdomo wazi,
mikono bado myeusi kwa utomvu.
Sikumwamsha.
Nimekukunjeni, kila mmoja na wenziwe,
nikazima taa.